Nilivyotafuta gari ya oto ya familia hapa Nairobi na bajeti ya laki tisa

Naandika hii juu watu wananiuliza kila mara nilinunua gari gani na mbona hiyo, na jibu la mdomo huwa halitoshi. Gari ni Toyota Sienta, lakini jina ni sehemu ndogo ya hii stori. Kitu kilituchosha na kikakaribia kutumalizia pesa ni giaboksi, na kila nikipita yadi za Ngong Road naona watu wanaangalia rangi, rimu na namba pleti, giaboksi haiulizwi kabisa mpaka siku inakataa kupanda mlima na watoto wako ndani.

Kwanza hali yetu, juu gari inachaguliwa na maisha ya mwenye kuiendesha. Tunaishi Donholm, mimi kazi yangu iko Upper Hill, watoto wawili wanasoma Buruburu, na tunakaa na mamangu ambaye magoti yanamsumbua na kliniki haziishi. Mwisho wa mwezi tunaenda ushago Tala kwa Kangundo Road. Oto, gari isiyo na klachi, kwetu haikuwa mambo ya starehe. Leseni yangu ni B1, ile inakuruhusu gari ndogo ya oto peke yake, mzee wangu, yaani mume wangu, ndio ana B2 anaweza kuendesha zote. Na hata kama ningekuwa na B2, jam ya Jogoo Road asubuhi na klachi, kanyaga achilia kanyaga achilia kutoka Donholm mpaka mjini, hapana.

Pesa ilikuwa shilingi 900,000, nyingi mkopo wa sacco na kidogo tulikuwa tumeweka. Tulikubaliana na mzee kabla hatujaenda yadi yoyote kwamba 100,000 haiguswi kununua gari, hiyo ni ya baada. Nawaomba mtu asiruke hapa. Gari iliyotumika, hata ikiwa safi namna gani, itakudai kitu mwezi wa kwanza, na kama ulimpa muuzaji shilingi yako ya mwisho utaanza kuiendesha ikiwa na tairi zimeisha na oili hujui ni ya lini.

Kuagiza Japani tulipiga hesabu tukaacha mapema. Kenya haikubali gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo mwaka 2025 ilikuwa lazima iwe ya 2018 kuja juu. Halafu kodi za mwaka huo: ushuru wa forodha asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 20 kama injini haijapita 1500cc na 25 ikipita, VAT 16, na ada zingine mbili ndogo juu yake. Na zile tatu kubwa haziwekwi kando kando, moja inahesabiwa juu ya nyingine. Tena KRA, watu wa kodi, hawaangalii ile bei wewe umelipa mnada, wana orodha yao ya bei ya hiyo gari ikiwa mpya, wanatoa uchakavu kulingana na umri, hapo ndio wanaanzia. Kwa laki nane ya kununua, hiyo njia ilifungika. Tukabaki na gari ambazo zimeshatumika hapa hapa, za 2012 mpaka 2014 hivi, zenye namba za KC au KDA.

Sasa gari gani. Vitz na Passo za 1000cc zina injini ya pistoni tatu, zinakunywa mafuta kidogo na spea ziko kila mahali, kama wewe ni mtu wa mjini na mtoto mmoja sioni mbona usichukue. Lakini tuliwahi kwenda Tala na Passo ya dadangu tukiwa watu wazima wanne na mizigo, kwenye mlima ililia mpaka tukazima AC. Vitz ya 1300cc ni afadhali sana. Note ina nafasi kubwa nyuma kwa hiyo bei, miguu inanyooka kabisa, mzee wangu aliipenda toka siku ya kwanza. Demio ile ya kuanzia 2014 ina kitu kizuri watu hawakisemi, giaboksi yake ni ya gia sita za kawaida, sio CVT (hiyo naieleza hapo chini), ila nyuma ni ndogo na buti pia. Fit haibridi ya miaka hiyo ina giaboksi ya klachi mbili na Honda wenyewe waliita hizo gari zirudi kurekebishwa Japani zaidi ya mara moja, na fundi wa kuijua vizuri ukimpata hapa lazima umlipe vizuri. Fielder tuliipenda sote lakini iliyo safi ilikuwa imepita pesa yetu, na ile ya pesa yetu ilikuwa imechoka. Wish ni 1800cc kuendelea, na petroli ikiwa juu ya 180 kwa lita nikaona niiache wenye nayo.

Halafu nikafanya kitu ambacho kilinisaidia kuliko video zote nilitazama. Nilimbeba Mama twende naye yadi. Muuzaji alikuwa anaongea na mzee wangu tu, mimi ananiita madam na kunionyesha kioo cha kujipaka, lakini Mama alikuwa anafungua milango. Kwa Demio aligeuka akatanguliza makalio, akashuka polepole akishikilia mlango halafu hapo mwisho akajiachilia ghafla juu siti iko chini, na kutoka ikabidi ashike fremu ya mlango kwa mkono mmoja na bega langu kwa ule mwingine. Kwa Sienta mlango wa nyuma unateleza, sakafu iko chini, siti iko juu kidogo, akakaa kwanza, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, hakunishika. Akatoka. Akaingia tena bila kuambiwa. Akaniambia, "Mwanangu, hii hainiumizi." Mimi Sienta sikuwa hata nimeiweka kwa orodha, nilikuwa naona ni gari ya teksi.

Kama unabeba mzazi, au mtoto wa kiti chake, nenda nao. Nenda na hicho kiti chenyewe ukifunge pale yadi uone kama mlango unafunguka vya kutosha, muuzaji akikasirika basi hiyo sio yadi yako.

Sasa giaboksi. Gari nyingi ndogo za oto kutoka Japani ni CVT, hazina gia za kupanda moja mbili tatu. Ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati, puli zinabana na kuachilia ndio mwendo unabadilika. Oili yake inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja, inalainisha, inapoza, na presha yake ndio inasukuma hizo puli. Ndio maana hii oili sio mchezo. Kila kampuni ina aina yake: Nissan kama Note inataka NS-3, Honda ina HCF-2, Toyota za zamani ni TC na za baadaye ni FE. Mwenzangu kazini alipeleka Note yake gereji fulani ya mtaani kwa service ya kawaida, wakamwaga ya CVT wakamwekea ATF ya oto ya kawaida juu ilikuwa karibu na ni rahisi. Ilianza kuvuma, ikaanza kushtuka kwa jam, mwisho ikakataa kutoka. Giaboksi nyingine iliyotumika, na kazi ya kuibadilisha, ilimkula zaidi ya 100,000, na hakuna mtu alimrudishia hata kumi. Niliona vile alikuwa analia kwa choo cha ofisi na nikaapa sitanunua CVT bila kujua imekuwa ikiwekwa nini.

Tulipata fundi mzee wa Industrial Area, mtu wa maneno machache, tukakubaliana 3,000 kwa kila gari anakagua. Mzee wangu aliona ni ghali. Mimi nasema ndio pesa nzuri zaidi tulitumia. Masharti yake yalikuwa mawili: gari tuikute injini ikiwa baridi, na tuiendeshe mpaka ichemke. Kufika tu anaweka mkono kwa boneti, kama ni moto na mmeahidiana asubuhi basi mtu ameiwasha kuficha kitu, maana kuna makosa yanaonekana baridi peke yake. Halafu anakaa, breki chini, anatoa P anaweka R, anangoja, anaweka D, anangoja. Gari nzima inashika bila kuchelewa na bila kishindo. Ikichukua sekunde kadhaa kabla ya kushika, au ikigonga, anaandika.

Kuna Vitz moja ilikuwa inang'aa, dashibodi ikisema kilomita 71,000. Fundi akafungua mlango wa dereva akainama akaangalia ile fremu ya mlango, kulikuwa na stika ndogo ya Kijapani imefifia, ya gereji iliyobadilisha oili huko. Hatukujua kusoma maandishi lakini namba ni namba, 27 halafu mwezi, halafu 83,412. Akanieleza Wajapani huhesabu mwaka kwa utawala wa mfalme wao, ile 27 unajumlisha 1988, inakuwa 2015. Kwa hivyo mwaka 2015 ikiwa bado Japani ilikuwa imeshafika 83,000, na leo ati 71,000. Muuzaji akasema stika ni ya gari nyingine. Tukaondoka. Tafadhalini angalieni hapo, na chini ya boneti pia, wengi wanarudisha kilomita nyuma na wanasahau stika.

Note ndio ilitugombanisha nyumbani. Ilikuwa safi, 690,000, ndani kunanukia vizuri, na mzee alikuwa ameshaanza kuongea na ndugu zake. Fundi akasema tuipeleke Valley Road. Tuliteremka nayo tukarudi kupanda kwa jam, ile ya kusonga mita tano unasimama. Ikiwa baridi ilikuwa vizuri kabisa, lakini baada ya kama nusu saa, ikitoka kusimama, kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, ikaanza kutetemeka mwili mzima, na kwenye mlima mshale wa rev unapanda lakini gari haiongezi mwendo. Akachomeka mashine yake ya kusoma kompyuta. Hakukuwa na kosa hata moja, na mzee wangu akafurahi, lakini fundi akatuonyesha kwamba majaribio ya ndani ya kompyuta yalikuwa mengi hayajakamilika, maana yake huenda kuna mtu alifuta makosa juzi juzi, gari haijaendeshwa vya kutosha kujipima tena. Hiki kitu kila mtu akijue: skrini safi peke yake haimaanishi gari ni safi, uliza kama hayo majaribio yamekamilika.

Mzee alitaka tuichukue tu tupunguziwe bei tubadilishe oili. Tulinuniana jikoni, nisiwafiche. Hoja yangu ilikuwa moja, hiyo mia moja elfu ya baada ni yetu ya tairi na bima, sio ya kununua giaboksi ambayo tayari tumeisikia inakufa. Alikuja akakubali lakini haikuwa siku hiyo.

Kuna nyingine nilijionea mwenyewe bila fundi. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 gari nyingi hapa Nairobi zilizama na zingine zimerudi sokoni zimeoshwa. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, ile sehemu huwa haifikiwi, kama kuna alama ya tope au mstari wa maji basi jua. Inua zulia la buti mahali pa spea tairi uangalie kutu. Harufu ya pafyumu kali sana ndani ya gari pia inafaa ikutie wasiwasi.

Sienta tuliyonunua ni ya 2013, 1500cc, namba ya KDA, ilikuwa kwa mwenyewe South B, sio yadi. Ina ile injini ya 1NZ ambayo iko kwa Probox na Fielder za zamani, ya cheni, kwa hivyo Kirinyaga Road hukosi spea zake. Kitu kilinivutia ni karatasi. Huyo mama alikuwa ameweka risiti zote kwa folda ya shule ya mtoto wake, na moja imeandikwa wazi oili ya CVT aina ya TC, lita ngapi, kilomita ngapi. Valley Road ikapanda kimya. Mauntingi moja, ule mpira unashikilia injini, ilikuwa imeisha, ikiwa kwa D na breki unasikia mtetemo kwa usukani, lakini ukiweka N unapotea, na fundi akasema hiyo ni mauntingi, giaboksi haina shida. Aliomba 860,000, kwa hiyo mauntingi na tairi tukashuka mpaka 795,000.

Kwa malipo tulienda polepole hata akatuona wasumbufu. Tulifanya kwanza utafutaji wa rekodi kwa NTSA, wale wanasajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, jina likalingana na kitambulisho chake, lakini kumbe aliwahi kuchukua mkopo na logbook, ile hati ya umiliki wa gari, na ingawa alikuwa amemaliza kulipa jina la benki lilikuwa bado kwa rekodi. Hakuwa tapeli, hakujua tu kwamba lazima liondolewe. Tulisubiri mpaka likatoka. Kama jina la mkopeshaji liko hapo usilipe, hata uonyeshwe barua gani, ngoja rekodi yenyewe ibadilike. Baadaye tukaandikiana mkataba kwa wakili, tukaweka sehemu ya pesa benki kwa akaunti ya jina lake mwenyewe, yeye akaanzisha uhamisho kwa akaunti yake ya eCitizen, mimi nikaukubali kwa yangu, na salio nikatuma nikiwa nimeona uhamisho umepita. Hakuna pesa taslimu, hakuna kumpa broka kitu ati amfikishie mwenyewe.

Ile laki ya baada, na 5,000 iliyobaki kwa bei, ilienda hivi: tairi nne 26,000, bima kubwa (comprehensive) 42,000 baada ya gari kupimwa thamani, oili ya CVT na kazi 9,000, mauntingi 7,500, breki pedi za mbele 4,000, wakili 5,000, na zingine zilikuwa zimeshamlipa fundi kukagua. Ikaisha yote. Kuhusu bima, kampuni nyingi hazipendi kuandikia gari nzee bima kubwa, wengi wanakomea gari ya miaka 15, kwa hivyo ukinunua ya 2010 uliza kwanza.

Mafuta, kwa jam napata kilomita 10 au 11 kwa lita, Kangundo Road inafika 15. Siti za nyuma kabisa zikiwa wazi buti inakuwa hakuna, tukienda Tala tunazikunja chini ya siti za katikati tunapakia. Wanaotaka kubeba watu saba na mizigo ya saba, hii sio yenu.

Kwa jam nakaa kwa D na mguu kwa breki, sibadilishi N kila dakika. Sishikilii gari kwa mlima na aksileta, natumia breki. Nikirudi nyuma nasimama kabisa kabla ya kuweka D. Nikiegesha kwa mteremko navuta hendibreki kwanza, gari itulie juu yake, ndio naweka P. Oili ya CVT tumeamua na fundi kila kilomita 40,000 juu hii ya kwetu ni kazi ya jam, na naenda na kopo langu nimenunua mwenyewe, naangalia likifunguliwa. Na ikikwama barabarani usikubali mtu aivute na kamba tairi za mbele zikizunguka chini, giaboksi inazunguka bila injini kusukuma oili na inaungua, itisha ile lori ya kubeba gari nzima hata kama ni bei.

Na kwa wale watafuata njia hii ya Sienta, kitu kinakufa mapema ni mota ya mlango wa kuteleza. Jaribu milango yote miwili, kwa swichi na kwa mkono, na gari ikiwa imeegeshwa mahali pameinama, juu mahali tambarare hata mota iliyochoka inajikaza.